Thumuni ya Bi Somoe

Nilipofika msibani niliwakuta watu wanazungumzia kodi za vyumba. Hitma ilikuwa imekwisha kusomwa, pilau imeliwa, masinia yamerudishwa uani, na wanaume waliobaki barazani walikuwa wamejinyoosha kwenye majamvi wakielezana nani anatozwa kiasi gani, na mwenye nyumba gani siku hizi anataka alipwe miezi sita kwa mkupuo. Mgeni angesema hawa watu hawana adabu, marehemu hata udongo haujakauka. Mimi niliona hiyo ndiyo taazia inayomfaa. Bi Somoe alikuwa mtu wa kuuliza bei ya chumba hata cha mtu asiyemjua. Ukimwambia fulani kahama, haulizi kahamia wapi, anauliza alikuwa akilipa ngapi na aliyeingia baada yake analipa ngapi. Nilikuwa Njinjo nalinda ghala la ufuta nilipopigiwa simu na Mwajuma kwamba amefariki, na njia nzima ya kuja Lindi nilikuwa nikiukumbuka mwaka mmoja tu kati ya yote niliyowahi kuishi, mwaka ule wa maneno ya gesi, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu na nikapanga chumba katika nyumba yao.

Habari za wazazi wangu nitaziruka, maana hazikuingia katika mwaka huo. Inatosha kusema kwamba shule niliiacha darasa la sita, na sikuiacha kwa umaskini peke yake. Nilichoshwa na kukaa sehemu moja nikitazama mgongo wa mtu. Tangu hapo nilikuwa nimekwisha kubeba chumvi, kuosha vyombo katika hoteli ya Kilwa Kivinje, kupalilia mikorosho ya watu, na popote nilipokaa niliondoka pindi nilipokwisha kujua kazi inavyofanyika. Lindi nilikuja kuchanganya zege. Mwaka ule kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga, na waliokuwa hawajengi walikuwa wanauza kwa wanaojenga, kwa sababu ilisemekana gesi iliyoko baharini italetwa nchi kavu hapa kwetu, na pamoja nayo watakuja watu wenye mishahara ambao watahitaji mahali pa kulala. Mimi nilikuwa mmoja wa watu waliojenga mahali hapo pa kulala, na jioni nilikuwa sina pa kulala.

Nyumba ya Mzee Mchopa ilikuwa nyuma ya soko, katika mitaa ile ya zamani ambako nyumba zimeegemeana kama watu walio kwenye foleni. Ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua wenye kisima, jiko, choo na banda la vyumba viwili. Kimoja cha banda hilo kilikuwa changu. Kitanda kikiingia mlango haufunguki wote, kwa hiyo nilijifunza kuingia kwa ubavu. Kuta za nyumba zile hazifiki juu kabisa. Zinaishia chini ya paa na kuacha nafasi ya hewa kupita, na panapopita hewa panapita na maneno. Nilikuwa najua Ustadhi Bakari, mwalimu wa madrasa, amesahau wapi miwani yake, kabla hajajua mwenyewe. Nilijua Dadi, fundi baiskeli, alikuwa akiongea na redio na kuijibu. Na alfajiri niliamshwa na mlio wa unga wa mchele ukimiminwa kwenye karai la vitumbua, kisha sauti ya Bi Somoe, mke mdogo wa Mzee Mchopa, akimwambia Mwajuma mama lishe kwamba makaa ya leo yana unyevu na aliyemuuzia kamwona mjinga. Nilikula nyumba nzima bila kuketi mezani. Kitumbua kwa Bi Somoe, bakuli la ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza kwa Mwajuma, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na pilipili kwa yeyote aliyetoka shamba. Sikuwa nimewahi kukaa mahali nikajua watu wanakula nini kesho.

Mzee Mchopa alikuwa na utaratibu wake. Hakuwa na hela ya kukarabati, na hakuwa na roho ya kupandisha kodi. Kwa hiyo mpangaji aliyetaka sakafu aliweka sakafu mwenyewe, na mzee akamsamehe kodi mpaka gharama yake irudi. Na zaidi ya hapo alikuwa akisema mbele ya watu kwamba ulichokiweka ni chako, ukihama hama nacho. Dadi ndiye aliyeweka saruji chumbani kwake, akaisugua mpaka ikang'aa. Siku alipoimaliza alimwita mzee aje aione.

"Sasa mzee, hii sakafu siku nikihama nitaibeba vipi?"

"Hilo utajua mwenyewe," Mzee Mchopa akasema. "Mimi nimekuruhusu."

Basi ndivyo nyumba ile ilivyopata uzuri, kidogo kidogo, kila mtu kwa upande wake. Mwajuma alitia madirisha ya nondo na nyavu za mbu. Ustadhi Bakari alivuta umeme kutoka kwenye mita ya mbele na kuutawanya vyumba vyote, kila mtu akachangia waya wake. Mimi nilikuwa naleta masalia ya saruji kutoka kwenye ujenzi, yale ambayo yangemwagwa, na nikasakafia baraza nzima. Watu wa mtaa walikuwa wakipita wanasema nyumba ya Mchopa imekuwa kama ya balozi, na sisi tulikuwa tunafurahi. Hakuna aliyefikiri kwamba kila koleo la saruji tulilolitia lilikuwa linakwenda kuhesabiwa juu yetu.

Mzee Mchopa alifariki asubuhi moja ya Ijumaa, akiwa anavaa kanzu ya kwenda msikitini. Baada ya maziko Bi Somoe aliingia eda katika chumba chake, cha kwanza kushoto ukitokea mlango mkubwa, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka, asitoke ila kwa dharura, asionane na wanaume wasio maharimu zake. Liliwekwa pazia la kitenge mlangoni. Alikuwa anakaanga vitumbua vyake uani sisi wanaume tukiwa tumeshakwenda kazini, Mwajuma akivipeleka sokoni pamoja na vyakula vyake. Mtoto hakuwa naye. Watoto wa Mzee Mchopa walikuwa wa mke mkubwa, aliyetangulia siku nyingi, na wote walikuwa wanaishi Dar es Salaam. Mkubwa wao ni Hamisi. Nataka nimtendee haki Hamisi. Hakuwa mtu mbaya. Alilia makaburini kama mtu anayelia kweli, aliwasalimia wapangaji wote kwa majina, na alipopita mbele ya lile pazia alikuwa anasimama na kusema, "Shikamoo mama mdogo," na kungoja aitikiwe marahaba kabla ya kuendelea. Lakini alitembea nyumba nzima akitazama sakafu na madirisha, na nyaya zilizopita darini, na usiku haujaingia akatuita uani na kutuambia kwa upole kwamba nyumba imekuwa nzuri sana, na kodi haina budi kufanana na nyumba. Kuanzia mwezi wa tano kutoka hapo ingekuwa mara mbili, na ingelipwa ya mwaka mzima.

"Hamisi baba," Mwajuma akamwambia, "hiyo nyumba nzuri unayoisema, uzuri wake tumeutia sisi."

"Nafahamu, dada. Na ninawashukuru."

Nilikuwa nimejilaza chumbani nilipomsikia baadaye, yuko kisimani na dada yake. Dada aliuliza hawa wapangaji watafanywaje. Hamisi akajibu kwamba mama mdogo akimaliza eda nyumba inauzwa, mnunuzi yupo, ila kabla ya hapo kumtoa mjane ni aibu. "Na hawa?" dada akauliza tena. "Hawa kodi itawahamisha yenyewe," akasema. "Hatuna haja ya kugombana na mtu."

Nimelifikiria sana neno lile katika miaka niliyozunguka. Kodi itawahamisha yenyewe. Watu huizungumzia bei ya soko kana kwamba ni mvua, inakuja kutoka juu na hakuna wa kuulizwa. Mimi nimeishi nyuma ya soko. Nimesikia kila asubuhi bei inavyotengenezwa, kwa midomo ya watu wenye majina, na nimeona inavyoshuka mnunuzi akigeuka na kuondoka. Bei ina wenyewe. Aliyesema kodi itawahamisha alikuwa na maana kwamba yeye ndiye atawahamisha, ila hataki kuonekana mlangoni.

Kwa Mwajuma kuhamishwa kulikuwa na maana moja tu. Vyumba vya bei aliyoizoea vilikuwa vimebaki nje ya mji, Ng'apa na Mitwero, na mtu hawezi kuja kutoka Ng'apa na masufuria ya wali kichwani, wala faida ya sahani za wali haiwezi kulipa bodaboda kwenda na kurudi. Akitoka nyuma ya soko, biashara imekufa. Ustadhi angepoteza watoto wake wa madrasa, Dadi wateja wake. Mimi sikuwa na cha kupoteza, na nilijishangaa nilivyokasirika.

Niliwaeleza wenzangu niliyoyasikia, na siku ya pili Bi Somoe aliniita. Nilisimama ukumbini, yeye akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Saidi, wewe una miguu na mimi sitakiwi kutoka. Hebu kaniulizie vyumba."

"Vyumba vya nani, Bi Somoe?"

"Vya mwanamke mtu mzima. Mtaa huuhuu, maji karibu. Uliza kote, usimwamini mmoja."

Hakuna kazi niliyowahi kupewa ikanifaa kama ile. Nikitoka kwenye zege nilikuwa naoga, navaa shati la mtumba lenye kola, na kwenda kwa madalali nikijidai namtafutia bosi nyumba. Walinionyesha vyumba ambavyo mbuzi angevikataa. Nilikalishwa, nikanunuliwa kahawa, nikaelezwa siri za kila mwenye nyumba. Dalali aliyekuwa na vyumba vingi kuliko wote aliitwa Kibwana, kijana wa simu mbili, maneno yake yote ya Dar.

"Mbona mwaka jana chumba kama hiki kilikuwa nusu ya hapo?" nilimuuliza.

"Mwaka jana gesi haikuwepo, mjomba."

"Kwani sasa imefika?"

"Haijafika. Bei ndiyo imetangulia."

Jioni nilimsimulia Bi Somoe kila kitu, naye alikuwa anacheka polepole, kicheko cha mtu anayejizuia kwa sababu ya eda, na akiuliza tena bei za juzi ili aone kama nimezibadilisha. Sikujua anazitakia nini. Nilidhani anatafuta kweli pa kwenda.

Sisi wengine tulikuwa na wazo jingine, na wazo lenyewe lilizaliwa uani tukiwa tumezunguka sinia la ming'oko. Mwajuma ndiye aliyeanza. Alisema tumempamba bibi harusi kwa hela zetu na sasa anaolewa na mwingine. Dadi akasema basi tumvue. Wakacheka, kisha Ustadhi Bakari akafuta pilipili vidoleni na kusema kwamba marehemu alitamka mbele ya mashahidi, na yeye ni mmoja wao, kwamba kila mtu ataondoka na chake. Hakusema ni lazima mtu ahame kwanza ndipo akitoe. Tukatazamana. Kama nyumba imepandishwa bei na vitu vyetu, tuvitoe, nayo itarudi bei yake.

Tulianza Jumamosi asubuhi na mapema. Mwajuma aling'oa madirisha yake, nondo na nyavu, akayaegemeza kwenye ukuta wa jiko. Ustadhi alipanda ngazi na kukunja nyaya kama anayekunja mkeka wa msikitini, kwa heshima. Mimi nilichukua mtaimbo nikaivunja baraza niliyoisakafia mwenyewe, na watoto wa jirani wakawa wanaokota vipande. Dadi alisimama katikati ya chumba chake na mtaimbo mkononi kama mtu aliyeambiwa achinje mbuzi aliyemlea. Alivunja pembe moja, akaitazama, akakaa chini juu ya kitanda.

"Mnafanya nini huko?" Bi Somoe akauliza.

"Tunaishusha bei nyumba, Bi Somoe," nikamjibu.

"Na mvua ikija?"

Tukaendelea kuvunja.

"Haya," akasema. "Mimi mlango wangu msiuguse."

Wiki ileile Hamisi alikuja na Kibwana dalali na mnunuzi. Tulikuwa tumejipanga mbele ya baraza tuliyoivunja, tukiwa na furaha ya watu waliotega mtego. Hamisi aliona madirisha yaliyo wazi, akaduwaa. Mnunuzi hakuduwaa. Alikuwa bwana wa makamo mwenye suruali iliyopigwa pasi, mstaarabu, akatupa mkono sote. Hakuingia ndani ya chumba hata kimoja. Alipima kwa hatua kutoka barabarani mpaka kwenye ukuta wa uani, akauliza gari la mchanga litapita wapi, akainua macho kuona nyaya za umeme wa mtaani.

"Bwana hata ndani hukutazama," Mwajuma akamwambia. "Nyumba imeharibika sana."

"Nimeona, mama. Haina neno. Nyumba tutaivunja, mimi nataka kiwanja. Hapa patakuwa na gesti ya ghorofa." Akageuza kwa mguu wake kipande cha saruji yangu. "Mmenipunguzia kazi."

Mvua ilikuja siku mbili baadaye. Iliingia kwa Mwajuma kupitia matundu ya madirisha na kulowesha mfuko wa unga, ikaingia kwa Ustadhi, ikatuama katika pembe ile aliyoivunja Dadi. Tulikaa gizani tukiwa na vibatari wakati nyaya zetu wenyewe zimekunjwa chini ya kitanda. Mwajuma aliacha kuniita Saidi akaanza kuniita mhandisi. "Mhandisi, leta basi gunia tuzibe hapa. Mhandisi, umeishusha bei mpaka imeingia maji." Nilistahili, sote tulistahili, na katika kicheko kile cha unyonge ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulidhani wanaotuondoa wanautaka uzuri wa nyumba. Walikuwa wanataka ardhi iliyo chini ya miguu yetu, na juu yake sisi, saruji zetu na madirisha yetu vilikuwa takataka za kusombwa pamoja. Mwajuma alianza kwenda Ng'apa kutazama vyumba. Alirudi viatu mkononi, akaketi kwenye mbuzi ya nazi bila kukuna kitu, na hakumtania mtu siku hiyo.

Eda ilipokaribia kwisha, watoto wa marehemu walikuja wote na Shehe wa mtaa ili mirathi ielezwe. Mkeka ulitandikwa ukumbini. Bi Somoe alikuwa nyuma ya pazia lake, na aliomba jambo moja, kwamba mlango wa uani ubaki wazi na wapangaji wasikie, kwa kuwa watu hawa, alisema, ndio anaoishi nao. Hamisi hakupenda lakini hakukataa. Kibwana dalali naye alikuwa amekaa nje barazani, anangoja kamisheni yake. Shehe akasoma dua, akaeleza kwamba marehemu ameacha watoto na mke mmoja, na mume akiacha watoto, mke hupata thumuni. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke.

"Mama mdogo," Hamisi akasema, "thumuni yako tutakupa taslimu, siku ileile nyumba ikiuzwa. Hatutakupunja hata senti."

"Nashukuru. Hamisi mwanangu, nyumba hii ina vyumba vingapi?"

"Sita ndani na viwili vya uani."

"Vinane."

"Vinane, mama."

"Na thumuni yangu ni kitu gani, Shehe?"

"Fungu moja katika mafungu manane, mama."

"Basi mimi nimekwisha kukaa ndani ya fungu langu. Nyie gawaneni hivyo saba."

Dada yake Hamisi alijifunika mdomo kwa mtandio. Sisi kule mlangoni hatukuthubutu kutazamana.

"Mama, haiendi hivyo," Hamisi akasema. "Vyumba havilingani. Na kiwanja je, na kisima, na baraza?"

"Chumba changu si kikubwa kuliko vingine, mnaweza kupima. Maji nitachota kama ninavyochota."

Hamisi akamgeukia Shehe. Shehe alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema warithi wakikubaliana kugawana kwa vyumba, hapana kosa. Wasipokubaliana, mama ana haki katika kila tofali la nyumba hii, na fungu la mtu haliuzwi bila ridhaa yake.

"Lakini nani atanunua nyumba yenye mtu chumba kimoja?"

"Hilo ni la mnunuzi," Bi Somoe akajibu.

Nilimwona Hamisi anavyojikaza. Akashusha sauti, akasema kama mtoto kwa mama yake, kwamba hawataki kumtupa, kwamba hela ile ni nyingi, ataongezewa hata katika fungu lake yeye Hamisi, akapange mahali pazuri apumzike. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nipange wapi?"

"Popote, mama. Hapahapa mtaani."

"Muulize huyo kijana wako aliyeko nje. Chumba cha mtu mzima, mtaa huuhuu, maji karibu."

Kibwana akaitwa. Alisimama na simu zake mbili, na kama ilivyo kwa mtu wa kazi yake, alitaja bei ileile anayomtajia kila mtu. Ilikuwa ni ileile aliyonitajia mimi, nami nilikuwa nimemfikishia Bi Somoe.

"Kwa hiyo fedha ya thumuni, pamoja na nyongeza ya Hamisi," Bi Somoe akasema, "nitakaa miaka mingapi?"

Kibwana akabonyeza simu. "Inategemea, mama. Kodi zinapanda kila mwaka."

"Mingapi?"

"Mitano. Sita, ukimbembeleza mwenye nyumba."

"Na mwaka wa saba, Hamisi, nihamie wapi?"

Nilisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima kwa upepo. Ile bei iliyokuwa ituondoe sisi ilikuwa imekaa katikati ya mkeka, na mtu aliyeileta hakuwa na pa kuificha. Kama ni ya haki, basi fedha zake hazimtoshi mama yake mdogo kuishi. Kama si ya haki, basi hana sababu ya kututoza. Hamisi alitazama mikono yake. Kisha akasema, bila hasira, "Mama mdogo, umekuwa ukilifikiria jambo hili tangu lini?"

"Mimi nimekaa eda, mwanangu. Nilikuwa na kazi gani nyingine?"

Mnunuzi alingoja mwezi, akachoka, akanunua nyumba ya tatu kutoka yetu na kuisimamisha gesti yake. Gesi haikuja mwaka ule wala uliofuata, na mara nyingi nilipopita Lindi niliona vyumba vya gesti hiyo vikiwa na funguo zote ubaoni. Hatukushinda kila kitu. Hamisi alipandisha kodi ya vile vyumba saba, na sisi tukamwambia kwa pamoja kwamba tutaongeza robo na hatutalipa zaidi ya mwezi kwa mwezi. Alikasirika, akaondoka, akarudi, akakubali, maana alikwisha kuona kwamba hata akitutoa sote bado hana nyumba ya kuuza. Mwajuma alirudisha madirisha yake. Waya zilipanda tena juu. Dadi alijaza pembe yake kwa saruji ya rangi nyingine, akawa anaionyesha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha kovu. Bi Somoe alitoka eda, akaoga, akavaa kanga mpya, na asubuhi iliyofuata akaenda sokoni na karai lake mwenyewe. Mimi niliondoka kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua zege linavyochanganywa, na kwa kuwa nilikuwa kijana, na nilidhani vyumba vya mahali kama pale vipo vingi.

Havipo vingi. Nimeviulizia katika kila mji, kwa shati lenye kola na bila hilo shati. Nimeona watu wakihamishwa na kodi yenyewe, kimyakimya, kitanda kimoja juu ya mkokoteni baada ya kingine, na kila mmoja akidhani kosa ni lake kwa kutopata fedha za kutosha. Sikubali. Mtu anayeuza chakula sokoni ana haki ya kulala karibu na soko, na hilo halihitaji kupimwa na dalali.

Juzi, watu walipotawanyika kutoka hitmani, mwana wa Hamisi aitwaye Idi alikuja kuketi karibu nami. Hamisi mwenyewe ni mgonjwa, Idi ndiye anayesimamia nyumba sasa. Chumba cha Bi Somoe kina watu wake. Mpwa wake kutoka kijiji cha Sudi ameshaingia na watoto, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ila kile cha Ustadhi Bakari, aliyehamia kwa mwanawe Mtwara, kilikuwa wazi. Idi akaniambia, kwa adabu ya baba yake, kwamba kama namjua mtu anayetafuta, ni kodi ya mwaka mzima, ndiyo hali ya soko.

"Mwajuma analipaje?" nikamuuliza.

"Mama Mwajuma ni wa zamani. Yeye mwezi kwa mwezi."

"Na mimi ni wa zamani."

"Wewe ulihama, mzee."

"Nilitoka," nikasema. "Sasa nimerudi."

Akaanza kunieleza habari za soko. Nilimwacha aseme, nikainuka, nikampa kodi ya mwezi mmoja mkononi, nikaingia ukumbini na begi langu. Mlango wa Ustadhi haukuwa umefungwa. Nililiweka begi chini katikati ya chumba, nikafungua dirisha, nikamwita Mwajuma anitafutie ufagio.